Pembe ya Jicho

Fundi Oloo alishaing'oa fremu ya mlango mara mbili na kuirudishia, na bado Bibi Ruqayya alisema imepinda. Sasa aliining'iniza timazi, uzi wenye kizito cha kupimia wima, mbele ya nyumba nzima. Uzi ulishuka sambamba na mbao.

"Jaja, bibi yangu, tazama! Hata mimi mwenyewe sijanyooka hivi."

"Unanifanya mjinga? Naona tumbo hilo katikati, kama nyoka aliyemeza panya!"

Watu wakacheka. Jannat, mjukuu wake, hakucheka. Alikwisha kumwona bibi akimimina chai kando ya kikombe, na akigeuza shingo ili amwone mtu. Madrasani alikofundisha hakuna aliyeshuku, maana bibi alikuwa na Kurani yote kifuani. Mtoto akikosea irabu, fimbo ilimfikia papo hapo.

Jioni Jannat akaketi mbele ya bibi. "Bibi, uso wangu unauonaje?"

Bibi akamtazama moja kwa moja. "Shungi lako naliona. Katikati pana moshi."

Jannat akamwendea ami yake, Zaid, mwenye kauli nyumbani.

"Uzee huo," alisema Zaid. "Na ufunge mdomo. Wakwe wa dada yako Hindu wanakuja Jumapili. Nani ataoa kwenye ukoo wa vipofu?"

Jumapili wakwe wakaja. Bibi akamgeukia mama wa bwana harusi, akamkagua kwa pembe ya jicho, toka kichwani hadi miguuni. Yule mama akatua kikombe.

"Kwetu mgeni hatazamwi hivyo."

Zaid akacheka haraka. "Msamehe, dada. Huyu mama yetu ana kiburi tangu zamani."

Bibi akainamisha uso. Heri aitwe mwenye kiburi, ndivyo alivyoamua mwanawe, kuliko kuitwa kipofu.

"Hana kiburi," Jannat akasema. "Haoni. Macho yake yanazibika katikati, na mkizidi kunyamaza yatazibika yote. Kesho nampeleka kwa daktari."

Wageni waliondoka, pilau haijaguswa. Hindu akajifungia chumbani, kilio chake kikasikika hadi uani.

"Umemvua bibi yako nguo mbele za watu," Zaid alifoka. "Muombe radhi!"

Bibi akamtafuta mjukuu wake kwa shingo iliyogeuka. "Watanipokonya darasa langu, Jannat. Ulilijua hilo?"

"Nililijua, Bibi."

"Na bado ukasema."

"Nikasema. Na siombi radhi."