Mtu wa Ofisi Mikokoni

Nimechota chumvi Lindi, nimebeba mizigo Tanga, nimelinda mashamba ya ufuta ya watu huko Ikwiriri, na kote nilikopita palikuwa na mtu wa katikati, anayekupeleka kwa mwenye kazi na kukata chake. Kiongoroni, huku kwenye delta ya Rufiji, mtu huyo alikuwa wakala Abdulrazaq. Watu wa mradi wa kupima tope la mikoko walitaka vibarua, yeye akatuleta. Kwa hiyo siku mtaalamu Ismaily aliponivuta pembeni akasema, "Mzee Bwanaheri, kuanzia kesho uwe wetu moja kwa moja, achana na wakala," nilikubali kabla hajamaliza.

Abdulrazaq hakugomba. "Nenda, mzee wangu. Lakini ukishatoka kwangu, mimi siulizwi habari zako."

"Nani atakuuliza? Sina hata mke!"

Vibarua wakacheka, na mimi nikacheka.

Kesho yake Ismaily akanipa buti za mpira, ndefu hadi magotini. Haidari, nahodha wa boti ya wakala, aliponiona akasimama wima akapiga saluti.

"Shikamoo, mhandisi! Wenzetu hamkanyagi tope siku hizi?"

"Marahaba. Wewe endesha boti."

"Hebu muulize kama dagaa bado anakula," akadakia Subira, mama aliyeolewa pale kijijini, tuliyekuwa tukibeba naye vijiti tangu mwanzo wa kazi.

Kazi yenyewe ni hivi. Maji yakitoka tunashuka kwenye tope, kila mtu na upande wake, tunachomeka vijiti na kuchota udongo. Yakianza kurudi, tunakimbilia boti. Siku hizo zilikuwa za bamvu, yale maji makubwa yanayofunika mizizi yote ya mikoko mpaka yanagusa matawi. Ismaily akaniingiza ndani kuliko wenzangu, akanionyesha pa kuzika chombo chake cha kupimia. Simu yake ikalia. Anatakiwa Kibiti, kuna kikao.

"Malizia, mzee. Utarudi na boti." Akaondoka na kiboti chake cha mwendo kasi.

Nikamaliza. Nilipoinua kichwa, tope lilikuwa limeanza kugeuka maji. Nikasikia injini ya Haidari inawaka. Sikuwa na wasiwasi, nilijua ananingoja. Kisha mlio ukaanza kwenda mbali.

Pale hakuna anayeita majina. Kibarua akishuka anavua ndala anaziacha botini, maana tope lingezimeza. Wakati wa kurudi nahodha anaangalia chini tu. Zikibaki ndala zisizo na mwenyewe, anangoja. Kila mtu akishavaa zake, anaondoka. Hawajapata kumsahau mtu kwa namna hiyo. Mimi nilikuwa nimeshuka na buti zangu. Botini sikuacha kitu.

"Haidariii!"

Ndege wakaruka. Basi.

Nikajaribu kukimbia. Buti ya kushoto ikazama, tope likaingia kwa juu, mguu ukashikwa kama kuna mtu chini. Nilivuta mpaka nyonga ikalia. Mguu ukatoka, buti ikabaki, na ya pili nikaivua mwenyewe. Maji yalikuwa yamefika mapajani. Nikaparamia mkoko. Kaa weusi walikuwa wanapanda pamoja nami, wanakimbia kile kile ninachokimbia.

Huko juu ndipo akili ilipokuja. Haidari anajua nimekwenda na Ismaily. Ismaily anajua nimerudi na Haidari. Nyumbani hakuna wa kuuliza. Kitu kikapita chini ya tawi, kizito, maji yakafumba nyuma yake. Nikatoa shahada, nikakosea maneno, nikaanza upya.

Jua lilikuwa limelala kwenye mikoko injini iliposikika tena. Baadaye niliambiwa kwamba muuza mafuta wa gatini alimwambia Subira mtaalamu kapita bila mimi. Abdulrazaq akasema huyo si wake, boti yake ikipasukia kwenye visiki nani atajibu. Subira akakaa botini akakataa kushuka, mpaka Haidari akakubali kunifuata.

"Mzee! Uko wapi?"

"Juu! Juu huku!"

"Ruka uje, siwezi kuingia, mizizi itakamata injini!"

"Haidari, kuna kitu majini."

"Kitu gani?"

"Kikubwa."

Akarudisha boti nyuma kidogo. "Mzee wangu, mimi nina watoto."

"Na mimi ninao," akasema Subira. Akachukua upondo, akaukita kwenye mizizi, akaisukuma boti mwenyewe hadi chini ya tawi. "Teremka, baba. Usiangalie maji. Niangalie mimi."

Nilianguka juu ya ndoo za udongo. Haidari akageuza boti, tukarudi gatini.

Asubuhi Ismaily alikuja akanipa pole, na ilimtoka moyoni, si mtu mbaya. "Nilidhani uko na Haidari."

"Na mimi nilidhani yuko na wewe," akasema Haidari.

Ismaily akaeleza kwamba chombo chake lazima kitolewe leo, na ninayejua kilipo ni mimi peke yangu.

"Jioni nani ananirudisha?" nikauliza.

Akamtazama Abdulrazaq.

"Usiniangalie mimi," akasema wakala. "Mtu ni wa ofisi."

Ismaily akakuna shingo. "Tutaangalia, mzee. Panda kwanza, maji yanatoka."

Haidari akawasha injini. Subira akaniita kwa mkono, akanisogezea nafasi ubavuni kwake. Nilitaka kwenda, miguu ikagoma. Nikawaelekeza kwa kidole, mkoko ulioinamia mto, nyuma yake, kisha nikakaa mchangani. Boti ikaondoka. Tope la jana lilikuwa limenikaukia miguuni, linawasha, na maji yalikuwa pale pale mbele yangu. Sikuthubutu kusogea kunawa.