Kaburi Mbele ya Nyumba ya Ekon

Bilha hakuwa mtu wa kinyaa. Angekuwaje, kwa kazi ile? Katika makazi ya wazee kule Rockville, Marekani, alikuwa amekwisha kufuta kila kinachoweza kumtoka binadamu, kwa tundu lolote lile, kisha akanawa mikono na kukaa chini kula chapati zake kwa ndengu. Asubuhi ya Halloween, sikukuu ya Wamarekani ya kuchezea mizimu na maiti, alikuwa amemwosha bibi mmoja aliyefia kitandani, akamchana nywele, akamvika sweta la kijani alilokuwa akilipenda, wala hakuona chochote cha kumfanya ateme mate. Kwa hiyo jioni, aliposhuka garini mbele ya nyumba ya mpenzi wake Ekon huko Bowie na kujikuta akitema mate kwenye nyasi, alishangaa mwenyewe.

Mtaa mzima ulikuwa umejaa uozo wa kununua dukani. Watu wenye kazi nzuri za serikali, watu wanaokata nyasi kila Jumamosi na kukununia ukiacha pipa la taka barabarani, walikuwa wametundika maiti za plastiki kwenye miti yao. Jirani wa kulia alikuwa na mwanamke wa mpira aliyepasuliwa tumbo, utumbo ukining'inia hadi kwenye maua. Jirani wa kushoto alikuwa ameweka kichwa kwenye sahani. Na katikati yao, kwa Ekon, makaburi. Mawe ya kijivu yalikuwa yamesimama kwenye nyasi za mbele, na mawili ya mwisho, karibu na mlango, yalikuwa yamefunikwa shuka. Miaka yote aliyokaa Marekani Bilha hajaizoea sikukuu hii, na hana mpango wa kuizoea. Kifo amekishika kwa mikono yake, kina uzito, na haelewi mtu mzima anakichezeaje.

Lakini alikuja, kwa sababu alikuwa na swali.

Swali lenyewe alikuwa amelimeza miaka miwili. Je, Ekon ana nia ya kumuoa, au wanatembeleana tu mpaka wazeeke? Umri wa Bilha ulikuwa umepita arobaini. Shiku, rafiki anayeishi naye kwenye nyumba ya kupanga Silver Spring, alikuwa amemsimamia mlangoni mchana alipotoka kazini na kumwambia, "Leo umuulize, Bilha. Straight. Na usirudi kwa hii nyumba bila jibu." Kisha Shiku akacheka, maana Ekon alikuwa ametuma ujumbe kwamba kuna jambo la kumshtua Bilha jioni hiyo. "Hiyo surprise ni ring, nakwambia. Wanaume wa huku hupenda drama." Bilha alimwambia aache upuzi, halafu akaenda kupaka kucha rangi.

Mlango ukafunguliwa. "Karibu, malkia wangu!" Ekon akasema, na Bilha akarudi nyuma hatua.

Shavu lote la kushoto la mtu huyu lilikuwa limeoza. Alikuwa amebandika jeraha la mpira, lenye usaha wa njano na vipande vya mfupa, na damu ya bandia ilikuwa imemtiririka hadi ndani ya kola. Ilinuka sukari. Bilha alikuwa ameona majeraha ya kweli, yale ya wazee waliolala upande mmoja muda mrefu, na hayajawahi kumchukiza, kwa sababu nyuma yake yuko mtu anayeumia. Hili halikuwa na mtu nyuma yake. Lilikuwa uchafu mtupu, na uso huo ndio aliotakiwa kuubusu.

"Busu shavu la pili," Ekon akasema akicheka, na Bilha akabusu haraka haraka kama mtu anayemeza dawa.

Tusimwonee Ekon. Alikuwa mtu mwema, na wema wake haukuwa wa kuigiza. Alizaliwa hapo hapo Maryland, akajifunza Kiswahili chuoni, akakipenda, na sasa alikizungumza kwa usanifu uliomfanya Bilha, mtoto wa Vihiga, Kenya, ajisikie anasahihishwa hata wakati hasahihishwi. Theluji ikianguka, yeye ndiye aliyekuwa akimpeleka kazini. Alifika kwenye misiba ya Wakenya wote aliowajua na wengine asiowajua, akapanga viti, akaimba pambio kwa sauti ya chini. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: jambo lolote lazima alisome kwanza. Na safari hii alikuwa amesoma mtandaoni mapendekezo ya namna wapenzi wanavyoweza kuufurahia usiku wa Halloween pamoja, akayachukua yote bila kubagua.

"Kwanza tutachonga boga," akasema. "Kisha chakula. Kisha nitakuonyesha jambo lenyewe."

Boga lilikuwa mezani limekatwa kichwa. Ekon alimwomba aingize mkono na kutoa matumbo yake, na Bilha akaingiza, akachota ule ute wa manjano wenye mbegu na nyuzi zinazoteleza vidoleni. Kwao mboga hii hupikwa, na mama yake angelia kuona inakwanguliwa na kutupwa ili litoke jitu lenye meno. Akajifuta mikono kwa karatasi tatu na bado ikanata.

Chakula ndicho kilichommaliza. Ekon alikuwa ameoka nyama ya kusaga katika umbo la mguu wa mtu, akauwekea vipande vya kitunguu kuwa kucha, akaumwagia mchuzi wa nyanya pale ulipokatiwa. Kando yake kulikuwa na bakuli la zabibu zilizomenywa, ziitwe macho. Na katika bakuli la sharubati nyekundu ulielea mkono wa barafu, wenye vidole vitano vilivyojaa vizuri. Bilha aliutambua mara moja. Ulikuwa umegandishwa ndani ya glavu, glavu za aina ile ile anazovaa yeye kazini, na hata ule ukingo uliokunjwa wa kifundoni ulionekana.

"Ekon, glavu umetoa wapi?"

"Katika mkoba wako uliousahau hapa. Zilikuwa safi, nakuhakikishia."

"Najua zilikuwa clean! Sio hiyo kitu naongea." Hata mwenyewe hakujua anaongea nini. Alijua tu kwamba mkono kama ule asubuhi ulikuwa wake, unamfumba bibi wa watu macho, na jioni unaelea kwenye sharubati ili wapenzi wachekelee. Akakata kipande kidogo cha mguu, cha kisigino, akakitafuna na kukimeza kwa ajili ya swali lake.

"Na hiyo surprise?" akauliza, maana aliona akikaa dakika nyingine mezani pale atatapika.

Ekon akang'aa uso, upande ule uliobaki na uso. Akamfumba macho kwa viganja vyake vinavyonuka sukari, akamwongoza hadi nje, ngazi moja, ngazi ya pili, mpaka miguu ikakanyaga nyasi. Jua lilikuwa halijazama. Bilha alisikia watoto wa jirani wakipiga kelele za kuomba peremende nyumba kwa nyumba. Akanyoosha vidole vya mkono wa kushoto kidogo, tayari kwa pete, na kwa hilo akajionea aibu baadaye kuliko kwa yote mengine.

Kiganja kimoja kikaondoka, shuka likavutwa. Kiganja cha pili kikaondoka.

Yalikuwa mawe mawili ya kaburi, ya povu lile jepesi wanalofungia televisheni, yamepakwa rangi ya kijivu. Moja liliandikwa EKON. La pili liliandikwa BILHA. Chini ya jina lake kulikuwa na mwaka wake wa kuzaliwa, kistari, halafu nafasi tupu. Mikono miwili ya mifupa ya plastiki ilikuwa imetokeza ardhini mbele ya mawe, imeshikana. Na chini kabisa, kwa mwandiko wa kupendeza: Pamoja milele.

"Ni kwa ajili yetu," Ekon akasema. "Wapenzi wengi huweka moja tu. Mimi nikaona tuwe na mawili."

Kinyaa kikampanda Bilha upya. Jina alilopewa na nyanya yake, limepakwa kwenye takataka na kusimikwa ardhini na yeye bado anapumua! Ile nafasi tupu baada ya kistari ilikuwa ikimngojea afe. Alitaka kulipiga teke jiwe lile. Lakini ukweli usemwe wote: ndani ya kinyaa kile kile, moyo wake mpumbavu uliruka kwa furaha. Kwao Vihiga kaburi la mwanamke ndilo linalosema aliolewa au hakuolewa. Mke huzikwa nyumbani kwa mumewe. Mwanamume akikuonyesha mahali pako kwenye boma lake, huyo amekuoa, hata kama hajafungua mdomo.

Na asiyeolewa? Dada yake Kageha alikaa na mwanamume huko Nakuru bila kuolewa, hadi akamzalia mtoto. Alipokufa, mwanamume yule akaileta maiti kwa pikapu hadi langoni kwa baba yao, akaishusha kwa heshima zote, akatoa rambirambi, akageuza gari. Wazee wakasema hawezi kulala katikati ya boma. Wakamzika kando ya ua, nyuma ya choo, pale maji ya kuogea yanapotuama na nzi hawaondoki. Bilha alisimama pale amejifunga leso mdomoni, na harufu ile hajawahi kuisahau, yeye ambaye husahau harufu zote akifika nyumbani.

Akamgeukia Ekon. "Nikuulize kitu, na unijibu poa, bila mchezo. Mimi nikifa leo, utanizika wapi?"

Ekon hakusita hata kidogo. Alisimama wima, macho yakamlowa, kama mwanafunzi aliyeulizwa swali analolijua. "Nitakurudisha nyumbani," akasema. "Nimeona jinsi watu wenu wanavyosafirisha wafu wao kutoka hapa, na ninaiheshimu desturi hiyo kwa moyo wangu wote. Sitakuacha katika udongo wa ugenini, Bilha. Nitasafiri nawe mimi mwenyewe, na nitakukabidhi kwa baba yako, pale pale langoni."

Langoni. Bilha alimtazama. Gundi ilikuwa imelegea, na lile jeraha lilianza kubanduka shavuni na kuning'inia, likitikisika kila Ekon anapopumua.

"Kwetu mwanamke aliyeolewa harudishwi," akasema polepole. "Anazikwa kwa bwana yake."

"Ndiyo, lakini..." Ekon akatafuta neno, akalipata, na lilikuwa sahihi kabisa. "Lakini sisi hatujaoana."

"Na tutaoana?"

Watoto walipita barabarani na ndoo zao. Ekon akayatazama mawe, akatazama nyasi, akatazama kila mahali pasipokuwa na Bilha. "Tukiwa hivi," akasema mwishowe, kwa upole, "kuna ubaya gani?"

Basi. Bilha alikuwa amedhani angelia au angemrukia. Badala yake alisikia kinyaa tu, kizito, cha mguu ule wa nyama uliokuwa tumboni mwake, cha viganja vya sukari machoni pake, cha miaka miwili ya kuitwa malkia wangu. Akainua mkono, akashika ukingo wa lile jeraha, akalibandua taratibu kuanzia kona, kama anavyobandua plasta ngozi ya mzee isichubuke. Chini yake shavu la Ekon lilikuwa zima, jekundu kidogo. Akamtilia ule uchafu kiganjani.

Kisha akainama akang'oa jiwe lake. Lilitoka kwa urahisi, halikuwa na uzito wowote. Ekon alimfuata hadi kwenye gari akisema Bilha, Bilha, nimekosea nini, nieleze nijifunze.

"Usijisumbue na tiketi ya kunirudisha," Bilha akamwambia akifungua mlango wa gari. "Nimejirudisha mwenyewe."

Jiwe alilikalisha kiti cha mbele, na njia nzima hakuligeukia.

Huko Silver Spring, Shiku alifungua mlango kabla Bilha hajagonga, akamshika mkono wa kushoto na kuugeuza huku na huku akitafuta. "Ring iko wapi? Umemuuliza? Alisema nini?"

Bilha akamkabidhi jiwe. Shiku akasoma jina, akasoma mwaka, akafika kwenye kile kistari na nafasi tupu, na mkono ukamwenda mdomoni. "Ngai, Mungu wangu! Hii ni nini?"

"Ulisema nisirudi bila jibu," Bilha akasema. Kisha akampita, akaenda kwenye sinki, akafungulia maji ya moto na kunawa mikono hadi viwikoni, kama anavyonawa kazini.