Makaroni ya Germaine

Saa mbili asubuhi, Jumanne moja ya Septemba 1992, Germaine alijaza makaroni manene kwa vidole, moja baada ya jingine: samaki wa barafu wa tomsoni waliopondwa, mboga ya lengalenga, kitunguu, jibini kidogo. Aliyapanga mabichi katika chungu cha umeme alichoachiwa na mke wa mhandisi Mwitaliano aliyekimbia uporaji wa mwaka uliotangulia. Akamwaga nyanya juu, akafunika. Kisha akamweleza Angèle, jirani yake katika Panda, kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya migodi, kupitia ua:

"Ni chakula ya bamama beko na kazi mingi, Mama Bénie. Unajaza, unafunika, unaenda. Saa kumi na mbili inakungoya. Ukuye, tutakula pamoja."

Saa tano walikuja vijana wa filimbi, wale waliokuwa wakiwafukuza mkoani watu wenye asili ya Kasai. Mbele yao alitembea Casimir, mume wa Angèle, na chaki mkononi, maana yeye ndiye aliyejua nyumba za Wakasai. Alichora msalaba kwenye mlango wa Germaine. Mume wa Germaine, Floribert, aliyefanya kazi na Casimir kwenye mashine moja miaka kumi na minne, alitoka na godoro kichwani. Wakapelekwa stesheni kungoja treni ya kwenda Kasai, ambako watoto wao hawakuwahi kufika. Leo wapo wanaosema hakuna aliyefukuzwa, watu walisafiri tu. Haya. Walisafiri wakiacha chakula motoni.

Casimir alipewa nyumba hiyo, kwa kuwa ilikuwa na chumba cha ziada na bomba ndani. Angèle alikuta chungu kikichemka polepole. Akachomoa waya, kikaendelea. Umeme wa bwawa la Mwadingusha ulikatika siku tisa; kikaendelea. Alikitoa uani, mvua za kwanza zikakinyeshea, na kifuniko kikabaki na joto kama paji la uso la mtoto mwenye homa. Mwishowe alikirudisha jikoni akawa anaanikia juu yake nguo za Bénie, binti yao wa miaka sita.

Hakukifunua. Novemba kampuni iliacha kugawa unga, na Bénie akaanza kulala mchana kutwa kwa njaa.

"Mwenyewe iko ku gare," Casimir alisema, akionyesha upande wa stesheni. "Weye unaogopa nini, makaroni?"

"Miye naogopa ule alijaza."

Walikula saa kumi na mbili. Yalikuwa yameiva vizuri. Asubuhi chungu kilikuwa kimejaa tena, kwa hiyo wakala tena. Siku ya nne Bénie alimwita mama yake "mamu", kama watoto wa Germaine walivyokuwa wakiita, na Angèle akamziba mdomo kwa kiganja. Siku ya sita Angèle mwenyewe, sokoni, aliomba chumvi kwa Kiluba cha Kasai, lugha ambayo hakuwahi kujifunza. Muuzaji alitazama chini, akampimia upesi.

Tangu hapo madirisha hayakufunguliwa. Mtoto alifundishwa kuomba maji kwa kidole. Kazini Casimir aliitikia salamu kwa kichwa. Waliacha kula siku mbili, Bénie akarudi kulala mchana, wakaendelea kula.

Jumamosi filimbi zilishuka barabara yao. Angèle alizisikiliza zikipita nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Zilinyamaza mlangoni pake. Casimir alikwenda kufungua mwenyewe, maana hao walikuwa wenzake. Alitaka kusema: Lambert, ndugu yangu, unanijua. Kinywani ilitoka salamu ya Kasai.

"Moyo wenu."

Lambert alimwangalia bila hasira.

"Njo vile," alisema, akatoa chaki. "Mulijificha muzuri, Casimir."

Casimir alibeba godoro kichwani. Angèle alimbeba Bénie. Stesheni watu walikuwa wamelala mpaka katikati ya reli, na pembeni kulikuwa na vilima vidogo vya udongo mpya. Germaine aliwaona wakitafuta mahali. Alikuwa amekonda. Alivuta mkeka wake, wakapata nafasi.

"Iliiva?" aliuliza.

"Iliiva, mamu," Angèle alijibu. "Ilikosa chumvi kidogo."

"Nilijua. Balinitosha ku nyumba mbele ya kuonja."

Treni haikuja siku hiyo. Kule Panda, mke wa Lambert aliingiza masanduku yake, akafuta msalaba mlangoni kwa kitambaa chenye maji, akaenda jikoni kufunua chungu. Kilikuwa kimejaa. Alikuwa na watoto watano, na hakuna hata mmoja aliyekula tangu jana. Akawaita wanawe waje kunawa mikono.