Waya Mweusi wa Nurdin

Yasmini alipomaliza eda, watu walidhani atakwenda kwanza makaburini, au kwa ndugu zake Kilwa. Wapi! Alivaa baibui lake akaenda Rangi Tatu, kwenye duka la vifaa vya umeme, kununua waya wa taa ya uani.

Uani kwao Charambe kulikuwa giza tangu msiba. Mama mkwe wake, Bi Somoe, alikwenda choo cha nje na tochi, akipapasa ukuta, na habari ya taa hakutaka hata kuisikia. Haki yake. Taa ndiyo iliyomuua mwanawe, Nurdin. Lakini Yasmini alichoka kumsikia mama wa watu akijikwaa. Alitaka taa itakayowaka bila kudhuru mtu, na Bi Somoe apite chini yake.

Ilikuwa hivi. Siku ile Yasmini alikuwa na wageni, wanawake waliokuja kumpaka hina mdogo wake. Nurdin akamwomba taa isubiri Jumamosi. Yasmini akaja juu: kila kitu Jumamosi, wageni wake wakae gizani? Mwanaume akachukua ngazi. Akashusha kipande cha waya mweupe, ule wa kupita ndani ya nyumba, kilichokuwa juu ya bati la jiko kikipigwa jua miaka nenda rudi, akakivuta hadi kwenye taa, sambamba na waya wa kuanikia nguo. Taa ikawaka, vigelegele vikapigwa. Jioni mvua ikashuka, Nurdin akakimbilia kuanua nguo. Waya wa nguo ulikuwa umeshika umeme; hakumaliza kuanua.

Basi eda nzima Yasmini alijishikiza kwenye hasira. Nurdin alikuwa mtu wa kulipua kazi, alisema, kila kitu kwake bora liende. Aliwaambia waliokuja kuhani, akamwambia na Bi Somoe, na Bi Somoe akainamisha kichwa akasema labda alimlea vibaya. Yasmini akamwacha aamini hivyo. Hasira ile ndiyo iliyompa usingizi.

Dukani, muuzaji aliyeitwa Khalil alimwelekeza bila haraka. Waya wa kufukia ardhini una ngao ya chuma ndani. Wa kupita ukutani ni huu mweusi, mviringo, ngozi yake nene, jua haliupasui na maji hayapenyi, ila maungio yake yakae kwenye boksi lisiloingiza maji. Akamuuliza utapita wapi. Yasmini akaeleza: kutoka barazani, ufuate ukuta wa jiko, uzunguke nyuma ya simtanki ya maji, hadi chooni.

Khalil akacheka. Akainama chini ya kaunta, akaibuka na mzingo wa waya mweusi uliokwisha kukatwa, vumbi limeujaa.

"Wewe ni wa kwa Nurdin seremala! Alinichorea hivyo hivyo, na simtanki yake. Siku ile sikuwa na boksi, akasema bila boksi hataki kubahatisha, Jumamosi atakuja kuchukua vyote. Mwambie boksi limefika."

Yasmini alishika kaunta. Khalil akamwona usoni, akaelewa mwenyewe kuwa Nurdin hayupo tena. Akafunga waya na boksi kwenye mfuko.

Njia nzima aliukumbatia mfuko ule. Hasira yote ilikuwa imekwisha, na chini yake hapakuwa na kitu cha kushika. Angeweza kunyamaza. Nani angejua?

Kesho yake fundi Albano alifunga taa, waya ukapita vilevile Nurdin alivyotaka. Baada ya magharibi Yasmini akawasha. Bi Somoe alikuwa ameketi barazani. Akaufuata waya kwa macho mpaka nyuma ya simtanki, akauliza kauchagua nani.

"Mwanao, mama. Aliuchagua kabla, akauacha dukani asubiri boksi. Hakulipua kazi. Mie ndiye sikutaka kusubiri."

Bi Somoe alishusha macho kutoka kwenye waya, akamtazama Yasmini.

"Na haraka ya taa ile ilikuwa ya nini?"

"Ya wageni wangu."

Bi Somoe hakulia, wala hakumtukana. Alinyanyuka, akachukua tochi yake, akaiwasha, akavuka ua ule uliojaa mwanga akipapasa ukuta.