Begi Lisiloumiza Mabega

Watu wanasema nina roho ya korosho. Waseme. Lakini begi lile nililichagua kwa siku tatu, na hapa Lakeland hakuna aliyewahi kumchagulia mdogo wake kitu kwa uangalifu namna ile.

Jina langu Darla. Nina miaka sitini na mitatu, na tangu nistaafu kazi yangu ni kupiga picha kwenye bustani za michezo ya kupanda, maana Florida hii huwezi kurusha jiwe lisiangukie kwenye bembea ya mtu. Watu elfu arobaini wanafuata picha zangu mtandaoni. Mbeba begi ni mdogo wangu Noreen. Ana miaka hamsini na tisa, mumewe alimwacha, anakaa kwangu, hajui kuendesha gari, na kadi yake ya kuingilia bustanini nalipa mimi. Kwa hiyo anabeba. Kamera mbili, lenzi nne, betri, maji yangu, mafuta yangu ya jua, koti langu la mvua. Mimi napanda michezo, yeye anasimama mlango wa kutokea ameshika vitu. Kila familia ina mtu wake wa kushika vitu, na kwetu ni yeye, mwaka wa kumi na tisa sasa.

Mwezi wa saba wakatangaza kuwa Bikizee anavunjwa.

Bikizee ni ile treni ya mbao ya kwenye bustani ya Palmetto Ridge, inayopanda polepole ikikwaruza kama mtu mwenye pumu, ikifika juu inajiachia. Amedumu miaka hamsini na mbili. Baba yetu alikuwa seremala, na ni mmoja wa mafundi waliomjenga. Siku ya mwisho ilipangwa Jumamosi ya pili ya Agosti, na baada ya hapo matingatinga.

Jioni hiyo Noreen alikuwa mezani anamenya karanga za kuchemsha. Akasema bila kuinua uso, "Dada, safari hii mimi napanda."

"Unapanda nini?"

"Bikizee. Sijawahi kumpanda hata siku moja. Naomba tu mara moja kabla hawajamvunja."

"Na begi atashika nani, shetani?"

"Ndiyo nilitaka tuzungumze. Hili la sasa limenichubua mabega, unaona?" Akavuta kola, nikaona alama nyekundu, nikatazama pembeni. "Ukinunua jingine, nunua dogo, la kiunoni. Pale mlangoni kwa Bikizee wana kisanduku cha chuma. Begi likiingia kwenye kisanduku, unapanda nalo. Nimeuliza."

Ameuliza! Noreen, ambaye hata chumvi mezani haombi.

Hapa lazima nieleze jambo, na nalieleza mwenyewe ili asije mtu akadai nimelificha. Bikizee alipomalizika kujengwa, kabla ya kufunguliwa kwa wateja, mafundi waliruhusiwa kuleta watoto wao. Baba akasema atapanda na kila mmoja wetu, kwanza mimi, halafu Noreen. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, Noreen saba. Mlangoni palikuwa na kijiti cha kupimia urefu. Tukiwa kwenye foleni nikamwambia, "We Noreen, vua kandambili. Hapa wanapima miguu mitupu." Akavua. Akapungua unene wa kidole. Mimi nikapanda na Baba, siti ya nyuma kabisa, mkono wake umenishika bega, na yeye akabaki chini amekumbatia kopo la chakula la Baba. Baba akamwambia, "Mwakani, mama."

Mwakani haikufika. Mwezi wa pili baada ya hapo Baba alianguka kutoka kwenye mbao zile zile, mgongo ukavunjika, akalala kitandani miaka mingi mpaka kufa kwake. Noreen ndiye aliyemuuguza, maana mimi nilipokua niliolewa nikaondoka. Kwa hiyo kati ya watoto wake wawili, aliyepanda Bikizee na Baba ni mimi peke yangu. Hadithi hiyo nimeisimulia kwenye ukurasa wangu mara ngapi sijui, na kila nikiisimulia watu wanalia. Ni yangu. Na ghafla mtu anataka kupanda siku ya mwisho, akae siti ile ile, halafu hadithi iwe ya watu wawili! Makubwa haya.

Nikamwambia, "Sawa, mdogo wangu. Twende tukachague begi."

Duka la siku ya tatu, muuzaji alikuwa dada mmoja mvumilivu. Akamvalisha Noreen la kiunoni kwanza, dogo, linabeba kamera moja na lenzi moja. Noreen akageuka mbele ya kioo, akaruka kidogo kwa visigino, mtu mzima na nywele zake nyeupe. "Dada, ona, halichezi! Hata treni ikiinama halichezi!"

"Kiuno chako kitaweza?" nikamuuliza. "Wewe mgonjwa wa kiuno."

"Nitaweza."

"Siku nzima, jua la Agosti, uzito wote umening'inia upande mmoja? Dada, tuonyeshe yale ya mgongoni."

Muuzaji akaleta kubwa la kijivu. Lo, begi! Mikanda ya mabegani ina sponji nene kama godoro la mtoto. Mgongoni kuna nyavu za kupitisha hewa. Kuna mkanda wa kifuani na mkanda wa kiunoni wa kuhamishia uzito kwenye nyonga. Mifuko kumi na minne, kila mmoja na zipu yake. Nikamwambia muuzaji alijaze matofali waliyonayo ya majaribio, nikamvalisha Noreen mwenyewe kwa mikono yangu, nikakaza hapa, nikalegeza pale, nikamtembeza duka zima kwenda na kurudi.

"Unasikia maumivu?"

"Hapana," akasema, na akashangaa kweli. "Sisikii kitu. Kama sijabeba."

"Umeona? Na wewe unataka kujiumiza."

"Lakini Dada, hili litaingia kwenye kisanduku?"

Nikamtazama machoni. "Limetengenezwa kwa ajili ya bustani za michezo, Noreen. Wewe unadhani wenye kiwanda ni wajinga?"

Kisanduku kile nakijua. Hata nusu ya begi lile haiingii. Lakini sikusema linaingia, nisikilizeni vizuri. Nimeuliza swali tu.

Jumamosi tulikuwa getini kabla hawajafungua. Noreen alivaa fulana ya njano aliyoinunua kwa ajili ya siku hiyo, na mfukoni alikuwa na kifuniko cha lile kopo la Baba, kimeliwa na kutu. Watu walikuwa wengi kupita kiasi, wengine wametoka Ohio kuja kumuaga Bikizee. Nikapiga picha asubuhi nzima. Noreen hakulalamika hata mara moja. Saa tano na nusu tukaingia foleni, na foleni ilikuwa ya saa tatu.

Ningeweza kumwambia pale pale. Ningesema, Noreen, begi haliingii, kaa kivulini unywe limau. Sikusema. Nilihitaji lenzi zangu kwenye foleni. Na ukweli wa Mungu, nilitaka pia kumwona anavyotumaini. Kila hatua alikuwa anasogea na lile begi mgongoni akitabasamu na watu asiowajua. "Baba yetu alimjenga huyu," anawaambia. "Mimi leo ndiyo mara ya kwanza." Mama mmoja akamkumbatia. Nilichukia mpaka jino likauma.

Saa nane na nusu tukafika mlangoni. Mlangoni kulikuwa na mzee mmoja mstaafu, kofia ya majani, uso wa kanuni. Akaonyesha kisanduku cha chuma. Noreen akavua begi, akaliweka juu yake. Likakaa pale juu kama kuku aliyeatamia yai moja. Akalisukuma. Akalilaza. Akafungua zipu mbili atoe maji yangu, akasukuma tena. Nyuma watu wakaanza kuguna.

"Haliingii, mama," mzee akasema. "Na makabati ya kuwekea vitu wameshayang'oa."

"Naweza kuliacha hapa chini, miguuni pako?"

"Siruhusiwi. Mpo wawili, mmoja apande mwenzake ashike. Akirudi mnabadilishana palepale mlango wa kutokea, hurudi foleni."

Noreen akanigeukia. Sikusubiri afungue mdomo. Nikasema, "Natangulia mimi, mdogo wangu, nikishuka unapanda wewe. Dakika tatu tu."

Akatazama juu, nami nikatazama juu. Mtu aliyezaliwa Florida haulizi maana ya wingu jeusi saa nane na nusu mwezi wa Agosti. Mvua yetu inakuja saa tisa kama mtumishi wa serikali. Na radi ikipiga karibu, treni zote zinafungwa.

"Dada," akasema polepole, "nitangulie mimi. Leo tu. Tafadhali."

"Begi umelifunga wewe vifungio vyote hivyo, mimi sivijui. Shika. Unapoteza muda wa watu."

Akashika. Punda afe mzigo ufike, walisema waliosema.

Nilipanda siti ya nyuma. Nitadanganya nikisema sikufurahi. Tulipofika kileleni nililiona wingu lote, limekaa juu ya ziwa, na chini fulana ya njano imesimama mlango wa kutokea.

Niliposhuka alikuwa ameshalegeza mkanda wa kifuani, ananyoosha begi kwangu. "Haya Dada, haraka, naliona linakuja."

"Ngoja. Nipige picha kwanza na Bikizee nyuma yangu. Watu wanasubiri."

"Nikishuka nitakupiga kumi."

"Mwanga huu hautakuwepo. Weka lenzi pana."

"Iko wapi?"

"Si wewe uliyepanga?"

Alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji akaanza na zipu. Mfuko wa kwanza betri. Wa pili mafuta ya jua. Lenzi pana ilikuwa mfuko wa chini, wa upande wa mgongoni. Nilikuwa nimeihamishia huko mwenyewe alfajiri. Aliipata kwenye mfuko wa kumi na moja. Akaifunga kwenye kamera, akasimama, akanipiga picha moja, nikasema nimefumba macho, akanipiga nyingine. Halafu radi ikapasuka juu ya ziwa mpaka mbao za Bikizee zikalia.

Yule mzee akavuta mnyororo akafunga lango.

Noreen alikimbia mpaka pale. "Mimi ndiye mshika begi," akamwambia. "Uliniahidi. Mimi ndiye ninayefuata."

"Nakujua, mama. Radi. Ikiacha, nitakuita wa kwanza."

Haikuacha. Tulikaa chini ya paa la bati la duka la popukoni, maji yanashuka kama ndoo. Saa kumi na mbili kasoro kipaza sauti kikasema mbao zimelowa, si salama, Palmetto Ridge inawashukuru wote waliokuja kumuaga Bikizee. Watu wakapiga makofi mvuani. Wengine wakalia.

Noreen hakulia. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumfariji, mazuri, sikuyatumia. Akafungua mkanda wa kiunoni. Akafungua wa kifuani. Akaliweka begi kwenye benchi mbele yangu, taratibu, kama alivyozoea.

"Ile siku ya kandambili," akasema, "nilijua hawapimi miguu mitupu. Mbele yangu alipimwa mtoto na mabuti yake."

"Sasa mbona ulivua?"

"Uliniambia nivue, Dada."

"Yalikuwa ya utoto hayo, Noreen."

"Na Baba alikuona. Alikuwa kwenye ngazi, juu yetu. Aliniambia mwaka ule wa mwisho, namgeuza kitandani. Nikamuuliza, Baba, mbona hukusema? Akasema, 'Niliona nimwachie. Wewe popote utakapokwenda watu watakupenda. Dada yako akikosa hiki, hana kingine.'"

"Muongo wewe!"

"Nimewahi kukudanganya lini?"

Nikatafuta. Miaka hamsini na tisa nikaitafuta yote, nisione uongo hata mmoja.

"Basi nami nikakuachia," akasema. "Kila mwaka nilikuachia, kwa sababu Baba alitaka. Leo tu ndiyo nilitaka changu." Akatoa kile kifuniko cha kutu mfukoni, akakitazama, akakirudisha. Halafu akatoka kwenye mvua bila koti. Koti lilikuwa begini, na lilikuwa langu.

Niliita. Niliita kwa hasira, halafu niliita vizuri. Fulana ya njano ikapita geti la kutokea, ikaelekea barabarani kwenye kituo cha basi, na mtu ambaye kwa miaka kumi na tisa nilidhani hawezi kwenda popote bila gari langu akapanda basi, akaenda. Mpaka leo hajarudi. Yuko mji wa Ocala kwa yule mama aliyemkumbatia kwenye foleni. Walipeana namba, sikuona.

Siku ile nilibaki na begi. Nikalivaa. Nilikuwa nimelipima dukani kwa mgongo wa Noreen, lakini mgongo wetu ni mmoja, wa Baba, na lilinikaa sawasawa bila kurekebisha chochote. Nilitembea nalo maegesho yote kwenye mvua, safu baada ya safu, nikilitafuta gari, na halikuniuma popote.