Kiti cha Mama Mkwe

...kwa sababu viti ni viwili tu, hata avihesabu mara ngapi ni viwili, kimoja hiki alichokikalia yeye Munguakonkwa, mikono kwenye usukani, injini inanguruma, na kingine hicho kitupu, kilichotandikwa kitambaa safi, ambacho mama mkwe wake anakitazama kama mtu aliyeonyeshwa kitanda cha watu wengine... na haingii, ataingiaje, mkono ameuweka juu ya mlango basi, Mama Domitille wa watu, kitenge kipya kabisa, goti bovu limefungwa bendeji, boti la kutoka Goma kwenda Bukavu linaondoka saa nane mchana, na mkwewe, mtu mzima wa miaka hamsini na mitatu, karani wa mizigo ya mpakani anayeweza kujaza karatasi za malori ishirini asubuhi moja bila kukosea, ndiyo kwanza anakumbuka kwamba gari lake halina kiti cha nyuma. Alijua halina, tena alilipenda kwa hilo, ila jana mchana ulimi ulimtangulia, alikuwa anakula sebuleni na mama mkwe anakula kule jikoni, kama wanavyokula kila akija, miaka ishirini na miwili sasa, maana kwao upande wa Bukavu mkwe na mama mkwe hawatafuni pamoja, hawashikani mikono, hawakai bega kwa bega, wakikutana njiani mmoja anachepuka, na hilo hajawahi kuliona zito, ni namna yao ya kupendana... basi jana akapaza sauti ipite ukutani, “Angèle, ambia mama, kesho nitamupeleka miye mwenyewe ku port, na gari yangu,” na kutoka jikoni ikasikika “eeh” ya furaha ya mtu ambaye hajawahi kumwomba kitu. Alisema kama wanavyosema wanaume wenye viti vya nyuma, ambako mama mkwe anaketi na kikapu chake, yeye anatazama dirisha, wewe unatazama barabara, na heshima haina shida. Ahadi ni deni, na hii ameitoa kwa mama mkwe, mbele ya watoto wote wanne, amwitie teksi sasa? Wiki tatu amekaa hapa akitibiwa goti, hakuwa mzigo hata siku moja, umwitie teksi mlangoni kama mgeni uliyemchoka... “Papa Exaucée,” anasema Angèle, mkewe, akimwita kwa jina la mtoto wao, amesimama na begi la mama yake mkononi, “saa inaenda,” naye anaitikia kwa kichwa, inaenda, anaiona inavyokwenda.

Na gari lenyewe, masikini, halina kosa. Yalikuwa mawili pale uani kwa Musafiri, kule Birere, yule muuza vipuri ambaye babu zake walitoka Maniema, yote ya viti viwili, yote yamekula chumvi nyingi kuliko ndoa ya Munguakonkwa, jekundu linang'aa kama bibi harusi, na hili la kijani, turubai limechanika, kuku wametaga kitini, na yeye moyo ulikuwa umeshakwenda kwa jekundu, mguu mmoja ndani, ndipo Musafiri, mfanyabiashara wa ajabu anayeharibu biashara yake mwenyewe, akampa sumaku iliyofungwa kitambaa, “pitisha hii polepole, muzee,” akaipitisha, kwenye kijani ikanata mlango, ikanata bawa la juu ya gurudumu, ikanata chini kabisa, kwenye jekundu ikaanguka, akairudisha, ikaanguka, hakuna bati la kushikwa, masitiki tupu ya kuzibia matundu chini ya rangi, “moteur inatengenezwaka, muzee, lakini bati ikiliwa na kutu, utakuwa unaendesha rangi tu.” Akachukua la kijani. Bei ya pikipiki mbili, si gari la tajiri, na mtaa mzima ukacheka, jirani yao Mahoro ndiye aliyecheka kwa sauti, “na batoto utaweka wapi, ku mabega?” maana liko chini hivi, tumbo linasugua, na mji huu umejengwa juu ya lava, kila jiwe la kutoka hapa hadi kazini analijua kwa sura, analikwepa kwa jina, lile la kona ya pili amelibatiza Kiboko... Ukipenda chongo huita kengeza, asubuhi ya baridi likigoma kuwaka yeye husema linafikiri kwanza. Analipenda, aseme nini tena. Analipenda hata linapomtia aibu. Na Angèle alikubali, hilo ndilo analomshukuria Mungu, akiba ile ingeweza kununua gari kubwa la Kijapani la kupakia watoto wote na kwaya juu yake, lakini alimtazama tu akauliza, “na miye nitakaa wapi?” naye akajibu, “pembeni yangu,” mke akacheka hadi akafuta machozi, akasema nunua. Jumapili ile walikwenda hadi Kibati, juu wazi, vumbi kwenye nywele zake, anapiga kelele kila wanapopita shimo, mwanamke wa miaka hamsini kasoro, watu barabarani wanawapungia kama ni askofu anapita...

“Angèle,” ni sauti ya Mama Domitille, hamtazami mkwewe, anamsemesha binti yake kama ipasavyo, “uambie baba ya batoto asijisumbue, naweza tembea na mguu, polepole nitafika,” na huku hajabandua mkono mlangoni, mkono umezeeka, una pete nyembamba, na Munguakonkwa anataka ardhi impasukie. Atundike kitenge katikati, kama pazia? Upepo utakipeperusha, watu wa pale kwenye mzunguko wa barabara wa Chukudu watacheka hadi Krismasi. Aweke begi katikati? Hakuna katikati, katikati kuna gia, na gia ya pili, Bwana Yesu, gia ya pili inaingilia pale pale goti la abiria linapokaa, atabadilisha gia kwa goti la mama mkwe, goti bovu lenye bendeji, mara ngapi hadi bandarini, mara arobaini, na Goma nzima inatazama kwa kuwa gari halina paa. Mama apande motari, pikipiki ya abiria, na goti hilo? Hapana. Basi mmoja wao asiwemo. Mmoja asiwemo... na mama ndiye anayesafiri. Anaona Angèle anahamisha begi mkono huu kwenda mkono ule, hasemi, angesema, mbona hasemi, mwanamke huyu ambaye ana neno kwa kila jambo, na hapo ndipo linamjia, si kama wazo, kama mtu aliyekuwa amekaa chumbani muda wote ukamwona sasa. Binti wa dereva. Marehemu baba mkwe aliyekuwa analeta maharage ya Kalengera kwa lori, alimfundisha binti huyu kuendesha akiwa na miaka kumi na saba, binti akalirudisha lori kinyumenyume katikati ya vibanda viwili bila kugusa nyanya hata moja, Mama Domitille mwenyewe akiwa pembeni yake kitini, hadithi hiyo ameisikia kupitia ukuta wa jikoni mara ngapi, na kila mara amecheka. Na wiki ile ya kwanza, miezi minne iliyopita, Angèle alinyoosha mkono aombe ufunguo, “nipatie clé nizunguke nayo kidogo,” naye akamweleza, kwa upole kabisa, kama daktari, kwamba gari hili lina tabia zake, klachi yake inataka mtu anayeijua... “Bien,” alisema Angèle. Akarudisha mkono. Hakuomba tena, naye akadhani ameelewa. Miezi minne amepanda pembeni yake, akimsifu kwa kukwepa mawe. Aibu ikamshika Munguakonkwa, aibu kwelikweli, ya kupasha moto masikio, kubwa kuliko ile ya goti na gia, maana ya goti ni ya mila na ina dawa, hii ameitengeneza yeye, mtu aliyeambiwa nunua na mwanamke ambaye angeweza kusema hapana. Angèle ashike usukani, yeye atapanda motari, awafuate nyuma, nini kinamzuia, hata akifika bandarini amechafuka vumbi ni sawa. Ila aanze na neno gani, aombe msamaha mbele ya mama mkwe, au ashuke tu? Injini bado inanguruma, Mama Domitille bado amesimama na mkono mlangoni, Angèle bado ameshika begi, hakuna aliyejongea hatua, na Munguakonkwa, ambaye tangu alinunue hajawahi hata siku moja kusimama kando akaliona gari lake likienda, anaanza kutamani kuliona.