Hesabu ya Kutoa

Katika kanisa la Watonga, wahamiaji wa visiwa vya Tonga walioko West Valley, Utah, Marekani, hata mtoto aliyefeli hesabu darasa la tatu anajua kuzidisha kwa kumi. Aliyewafundisha ni Salesi, tena bila kukusudia. Kila mwaka siku ya misinale, siku ya sadaka kubwa, mtunza hazina hushika kipaza sauti akasoma jina la kila familia na kiasi ilichotoa, na kila mwaka Salesi hutoa fungu la kumi la mapato yake, senti haipungui wala haizidi. Wapo wanaotoa kwa kishindo, wapo wanaotoa kwa mkopo halafu mwaka unaofuata ukawasikia wanasali kanisa jingine. Salesi akisomwa dola elfu nne na mia moja, watu wanaongeza sifuri moja vichwani mwao na kujua kazi ya zege ilikwendaje mwaka huo.

Hakuwahi kuona aibu. Mwaka ule ujenzi ulipolala Utah nzima, jina lake lilisomwa kwa dola mia tisa. Hakuna aliyecheka. Kesho yake asubuhi alifungua mlango akakuta magunia mawili ya viazi vikuu na nusu nguruwe kwenye sanduku la barafu, na aliyeleta hakubisha hodi. Tangu siku hiyo Salesi aliamini kwamba sadaka isomwe kwa sauti, kwa sababu mwenye njaa akijulikana hafi, na aliyeshiba akijulikana hawezi kujifanya hana.

Mwaka huu alikuwa na hamu ya kusomwa. Mwanawe Kepueli, miaka ishirini, kilo mia moja na arobaini, alicheza mstari wa mbele katika timu ya chuo. Mpira wenyewe ni ule wa kofia ngumu na kugongana, na kazi ya mstari wa mbele ni ya wanaume watano wanene kusimama kati ya mrushaji wao na watu wanaotaka kumvunja mbavu. Sura ya mrushaji iko kwenye mabango ya barabara kuu. Majina ya wale watano yanajulikana na mama zao tu. Kwa miaka mingi vyuo vilivuna mamilioni ya televisheni kwenye migongo ya vijana hao, na kijana akionekana kala sahani ya bure kwa shabiki, anafungiwa. Sasa sheria imegeuka, chuo kinalipa. Salesi, ambaye magoti yake yameliwa na saruji, alipousoma mkataba wa mwanawe aliingia bafuni akafungua bomba la maji ili mkewe asisikie kilio chake. Mkewe alisikia.

Jumatatu kabla ya misinale, siku ya mapumziko ya timu, Kepueli alimfuata baba yake kazini, akamkuta akisawazisha njia ya gari mbele ya nyumba ya mteja.

"Baba, nataka tuongee."

"Ongea huku unafanya kazi. Zege halina subira. Shika ubao upande ule."

Kepueli alishika ncha ya pili ya ubao mrefu, wakaanza kuuvuta pamoja juu ya zege bichi.

"Jumapili hii, fungu la kumi la pesa yangu lisisomwe."

"Kwani mimi ndiye ninayesoma? Anasoma mtunza hazina."

"Baba, unanielewa vizuri tu. Mkataba unasema nisimwambie mtu ninacholipwa. Wewe, mama, na wakili. Basi."

"Nani anasema? Zege mwaka huu halina faida, mashine mpya imekula yote. Nitatoa lako tu, elfu sita, kimya kimya."

"Elfu sita mara kumi ni ngapi?"

Salesi akacheka. "Msomi hapa ni wewe."

Kepueli hakucheka. "Siogopi chuo, baba. Namwogopa Lisiate."

Lisiate alikuwa mtoto wa mjane Vika. Yeye na Kepueli walianza kusukumana kwenye majani ya nyuma ya kanisa wakiwa na miaka minane, na sasa chuoni walisimama bega kwa bega, Kepueli nje, Lisiate ndani. Mstari ule hauna uganga wowote zaidi ya kuaminiana. Mmoja akisita kidogo, mwenzake ndiye anayebebwa kwa machela.

"Lisiate analipwa elfu kumi na mbili," Kepueli alisema.

Salesi akasimamisha ubao. "Kwa mwezi?"

"Kwa mwaka."

"Na wewe sitini?"

"Chuo kingine kilikuwa kinanitaka, wakaongeza ili nisiondoke. Yeye goti lilikuwa bovu, hakuna aliyempigia simu, akasaini alichopewa. Akaja chumbani kwangu anaruka ruka. 'Kumi na mbili, ndugu yangu! Hata sisi wanene tumekuwa watu! Tumepewa sawa, au siyo?'"

"Ukamjibu nini?"

Kepueli alitazama zege. "Nilimwambia twende tukale."

Salesi alikasirika, na hasira zake zilitafuta pa kutua. Zilikiangukia chuo kwanza. "Hawakuwafunga midomo kwa heshima yenu," alisema. "Wamewafunga ili msilinganishe. Watu wakilinganisha wanauliza."

"Najua. Lakini nikimwambia sasa, katikati ya msimu, atasimamaje pembeni yangu? Toa elfu moja tu mwaka huu, baba. Nyingine peleka baadaye, kwa siri. Mungu ataelewa."

"Mungu ataelewa, ndiyo. Mimi ndiye sitaelewa. Miaka kumi na minane sijasema uongo mbele ya madhabahu, leo nianze kwa sababu ya chuo?"

Ubao ulikuwa umekaa mahali pamoja muda mrefu mno, ukaacha mfereji. Ikabidi wasawazishe tena tangu mwanzo.

Jioni Salesi alimweleza mkewe, Meleane, ambaye aliolewa na Salesi na fungu lake la kumi kwa pamoja, na amewavumilia wote wawili.

"Kutoa ni moyo, Salesi," alisema huku akimenya vitunguu. "Si kipaza sauti."

"Bila kipaza sauti tungekula nini mwaka ule?"

Meleane akarudi kwenye vitunguu vyake, maana viazi vile aliwapikia watoto yeye mwenyewe. Salesi naye akakaa akiwaza, akazunguka meza, akakaa tena. Halafu akapiga paja.

"Tutatoa pamoja na Vika! Familia mbili, jina moja, kiasi kimoja. Ndugu si hufanya hivyo? Elfu sita zetu na chochote alicho nacho. Sijapunguza, sijadanganya, na hakuna atakayejua nani katoa nini. Wazidishe mpaka wachoke!"

"Vika utamwambia kwa nini?"

"Nitamwambia yanayotosha."

"Mwambie yote," Meleane alisema. Lakini mume wake alikuwa ameshachukua funguo za gari.

Vika alikuwa jikoni kwake akinyoosha sare ya hoteli anakosafisha vyumba, karibu na uwanja wa ndege. Aliposikia ombi, kwamba mwaka huu Salesi anatoa fungu la Kepueli tu na waliunganishe na lao, aliweka pasi pembeni akajifuta macho kwa mkono wa sare ileile aliyokuwa akiinyoosha. Tangu mumewe afariki, jina lake lilisomwa peke yake, karibu na mwisho, na dola zilizosomwa baada yake zilikuwa chache kiasi kwamba mtunza hazina aliharakisha kwa huruma.

"Kaka Salesi, mmetufanya ndugu," alisema.

Hapo ndipo Salesi angesema. Lakini Vika alimmiminia kinywaji cha tikiti maji, akaanza kumsifu Kepueli, akasema vijana hawa ni Mungu tu, na Salesi akanywa. Alitoka pale amefurahi, na furaha yenyewe ilimkera kidogo njia nzima.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka vibarazani. Wanaume wamejifunga kiunoni mikeka yao ya heshima, vazi la Kitonga, ya harusi na ya mazishi ya babu zao, kwaya imeimba mpaka madirisha yanatetema. Bahasha zikapelekwa mezani. Majina yakaanza kusomwa, na kila jina likapigiwa makofi, makubwa kwa madogo.

"Familia ya Salesi na familia ya Vika, kwa pamoja: dola elfu saba na mia mbili!"

Makofi yalilipuka. Salesi aligeuka kidogo kuwaangalia jirani zake, akaona anachokitaka. Nyuso zimekunjamana. Mzee mmoja wa sauti nzito aliinua vidole vyake, akahesabu, akavishusha amekata tamaa. Salesi karibu acheke kwa sauti.

Halafu akamwona Vika, mstari wa mbele yake, upande. Vika hakuwa akipiga makofi. Midomo yake ilikuwa ikicheza polepole.

Salesi alikuwa amewashinda watu mia mbili wanaojua kuzidisha, akamsahau mmoja anayejua kutoa. Vika alijua kilichokuwa ndani ya bahasha yake, elfu moja na mia mbili. Alizitoa kwenye elfu saba na mia mbili, akabaki na elfu sita. Kisha akaongeza sifuri, kama kanisa zima lilivyofundishwa. Midomo ikasimama. Hakugeuka kumtazama Salesi, na hilo lilimchoma kuliko kama angegeuka.

Baada ya ibada watu walihamia ukumbini kula. Salesi alikaa kwenye meza ya pembeni na sahani yake ya lu, nyama iliyofungwa kwa majani na tui la nazi, akashindwa kuigusa. Vika akaja akaketi mkabala naye. Alitandika leso ya karatasi mapajani, akaikunja, akaitandika tena.

"Elfu sitini," alisema kwa sauti ya chini.

"Vika..."

"Wa kwangu naye anamlinda mrushaji huyohuyo. Uwanja huohuo. Goti lake nalikanda mimi kila Jumapili."

"Najua, dada yangu."

"Ulijua ulipokuja jikoni kwangu?"

Salesi angeweza kutafuta maneno. "Nilijua," alisema.

"Nikakwambia mmetufanya ndugu. Ukanywa."

"Nikanywa."

Vika alitikisa kichwa taratibu. Salesi alingoja amtukane, aliona heri amtukane. Kabla hajasema neno lingine, Lisiate alitokea akiwa na sahani mbili zimefurika, na Kepueli nyuma yake ana tatu. Benchi lililia walipokaa.

"Elfu saba na mia mbili!" Lisiate alisema huku anatafuna. "Mmeona lile bibi la kwaya lilivyoduwaa? Lakini mama, ngoja. Sisi si tulitoa elfu moja na mia mbili? Fungu langu la kumi?"

Kepueli akaacha kula. Salesi alimwona mwanawe akishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Vidole vya Lisiate vilikuwa vimeanza kucheza juu ya meza, kimoja, cha pili, cha tatu. Kijana hakuwa mjinga, alikuwa mwepesi tu wa kuamini watu.

"Hiyo ni ya kwako," Vika alisema.

"Na nyingine?"

"Na mimi je? Sina mikono? Tangu baba yako afariki naweka kidogo kidogo. Nimeongeza elfu mbili na mia nane. Jumla yetu elfu nne."

"Wewe? Elfu nne?"

"Kwani nikikuomba ya mafuta ya gari ndiyo kusema sina? Nikuoneshe kila kitu? Kula."

Lisiate alimtazama mama yake, akamtazama tena. Kisha aliangua kicheko cha furaha, akamkumbatia kwa mkono mmoja mpaka mama akanyanyuka kwenye benchi. Macho yake yalikuwa yamelowa. Alimgeukia Kepueli akampiga kofi la mgongo.

"Umesikia, tumbo? Elfu nne! Zenu zimebaki ngapi, tatu na mia mbili? Wewe na baba yako, wanaume wawili wazima, na mafungu yenu ya kumi, mmepigwa na mama anayetandika vitanda! Mjomba, sema ukweli, umepigwa au hukupigwa?"

Watu wa meza ya jirani waligeuka. Yule mzee wa sauti nzito alikuwa amesikia, akaanza kucheka, akamnong'oneza mkewe, na Salesi alijua kwamba kufikia Jumatano habari itakuwa imefika kwa Watonga wote wa bonde lile: Salesi wa fungu la kumi mwaka huu kabana mkono, tena mwaka ambao mwanawe analipwa. Alimtazama Kepueli. Kepueli aliinamisha uso. Alimtazama Vika, na Vika alimtazama moja kwa moja kwa mara ya kwanza siku hiyo, bila kumwomba chochote.

"Ukweli, mwanangu," Salesi alisema, kwa sauti ya kutosha meza zote kusikia, "mama yako ametushinda."